Mipango ya tabianchi ya mitaa: nani analipa, nani ananufaika? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na maafisa mipango, madiwani, wanakamati na wakazi wanaoandaa mpango wa kupunguza hewa ukaa katika mji, wilaya au kata yao. Mengine yamejibiwa kwa kirefu, mengine kwa sentensi mbili, kwa kuwa hayahitaji zaidi.

Hewa ukaa haijui mtaa. Kwa nini mpango wa kuipunguza uhangaike na nani tajiri na nani maskini?

Ni kweli, tani moja ya hewa ukaa ina madhara yaleyale angani, iwe imetoka kwenye kasri au kibandani. Gharama za kuipunguza ndizo zenye mtaa, nyumba na mfuko. Mtu anapoambiwa abadilishe jiko, gari, paa au kazi, anayetoa fedha ni yeye, na mifuko hailingani.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Ripoti ya mwaka 2022 ya IPCC, jopo la wanasayansi lililo chini ya Umoja wa Mataifa, ilikadiria kwamba asilimia 10 ya kaya zote duniani, zile zinazochafua zaidi, huchangia kati ya asilimia 34 na 45 ya gesijoto (gesi zinazopasha dunia joto, hewa ukaa ikiwemo) zinazotokana na matumizi ya kaya. Nusu nzima ya chini huchangia asilimia 13 hadi 15 tu. Mpango unaoanza kwa kuwabana wa chini unatafuta akiba mahali ambapo haipo. Hata tukiweka huruma pembeni kabisa, huo ni upangaji mbovu.

Usawa katika mpango wa tabianchi unahusu mambo gani hasa?

Matatu. Kwanza, nani anapata na nani anabeba mzigo. Pili, nani ana sauti wakati maamuzi bado hayajafungwa. Tatu, historia iliyoufanya mtaa uwe hivi ulivyo. La tatu ndilo hurukwa na wengi, labda kwa sababu halina safu yake kwenye jedwali la bajeti.

Mfano unaojulikana sana ni wa Marekani. Katika miaka ya 1930, shirika la serikali lililoshughulikia mikopo ya nyumba lilipaka rangi ramani za miji. Mitaa ya watu weusi na wahamiaji ikapakwa nyekundu, maana yake ni hatari kukopesha huko. Mikopo haikufika, uwekezaji ukakimbilia kwingine, na mahali pengi barabara kuu na viwanja vya lami vikaishia kwenye mitaa hiyohiyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulipima joto la uso wa ardhi katika miji 108 ya nchi hiyo. Katika asilimia 94 ya miji hiyo, mitaa iliyopakwa nyekundu ndiyo yenye joto zaidi, na kwa wastani wa nchi tofauti ni nyuzi 2.6 za Selsiasi. Walioshika brashi wamekufa zamani, joto bado lipo.

Basi tukigawa miche ya miti kwa idadi ileile kila kata, si itakuwa haki?

Kata yenye kivuli itazidi kuwa na kivuli, na kata ya lami itabaki nyuma kwa pengo lilelile. Hesabu miti iliyopo kwanza, kisha ugawe kwa upungufu.

Tumetenga ruzuku ya paneli za sola na magari ya umeme, na kila mkazi anaruhusiwa kuomba. Tatizo liko wapi?

Liko kwenye fomu. Hebu ipitie kama mwombaji. Ukurasa wa kwanza unataka namba ya hati ya nyumba. Mpangaji kaishia hapo. Ukurasa wa pili unataka risiti, maana ruzuku inalipwa baada ya mtu kununua kwa fedha zake; asiye na akiba wala benki ya kumkopesha naye kaishia hapo. Ukurasa wa tatu unasema nafuu itatolewa kupitia kodi ya mapato. Mwenye kipato kidogo kiasi cha kutodaiwa kodi hana cha kupunguziwa. Fomu yenyewe iko mtandaoni, kwa lugha moja, na dirisha linafungwa fedha zikiisha, kwa hiyo anayewahi ni mwenye mhasibu na intaneti ya kasi. Hakuna kikao kilichoamua maskini wasipate. Fomu imewachuja kimyakimya.

Hilo limepimwa. Wachumi wawili waliochambua nafuu za kodi za nishati safi nchini Marekani, katika utafiti uliotoka mwaka 2016, walikuta sehemu moja ya tano ya watu wenye kipato cha juu kabisa ilichukua karibu asilimia 60 ya fedha zote. Sehemu tatu za chini, yaani zaidi ya nusu ya watu, ziliambulia kama asilimia 10. Kwa magari ya umeme peke yake, tabaka lile la juu lilichukua karibu asilimia 90.

Dawa zake zinajulikana na si ngumu. Mlipe fundi moja kwa moja ili mwenye nyumba asitangulize fedha. Punguzo likatwe papo hapo wakati wa kununua. Wanaopokea msaada mwingine wa serikali waingizwe bila kuombwa uthibitisho upya, kwani umaskini wao ulishathibitishwa, tena kwa foleni ndefu. Dirisha la kwanza lifunguliwe kwa wenye kipato cha chini, na wengine wafuate baada ya miezi kadhaa. Na kabla ya yote, jiulizeni kama gari la umeme lilistahili kuwa humo. Mji ambao wakazi wake wengi wanatembea kwa miguu au kupanda basi, kisha mpango wake wa usafiri ukaanza na vituo vya kuchajia magari binafsi, umeshachagua upande, hata kama haukukusudia.

Wapangaji tunawafikiaje? Mwenye nyumba hataki kukarabati, na mpangaji hana mamlaka.

Hili ndilo fundo gumu kuliko yote katika majengo. Anayelipa bili ya umeme au ya kupasha nyumba joto ni mpangaji, anayeamua kuhusu paa, madirisha na mitambo ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba haoni faida ya kutumia fedha zake kupunguza bili ya mtu mwingine. Ukimpa ruzuku ili akarabati, hatari ya pili inaingia: nyumba ikishapendeza, kodi inapanda, na mpangaji aliyetajwa katika ombi la ruzuku anahama kabla rangi haijakauka.

Ujerumani ilijaribu njia nzuri kuanzia Januari 2023. Gharama ya hewa ukaa inayotozwa kwenye mafuta na gesi ya kupasha nyumba joto inagawanywa kati ya mwenye nyumba na mpangaji kwa ngazi kumi, kulingana na ubora wa jengo. Jengo likiwa bovu kabisa, mwenye nyumba anabeba asilimia 95; likiwa bora kabisa, mpangaji anabeba yote. Hapo mwenye nyumba ana sababu ya kukarabati.

Halmashauri nyingi hazina mamlaka ya kutunga sheria ya namna hiyo. Masharti ya ruzuku, hata hivyo, ni yao. Atakayepokea fedha za umma atie saini kwamba hatapandisha kodi kupita kiwango fulani wala kumtoa mpangaji kwa miaka kadhaa, na mkataba huo ufungamane na nyumba, ili akiiuza mnunuzi aurithi. Wenye nyumba watalalamika kwamba masharti ni makali. Wasiotaka wakarabati kwa fedha zao, hakuna aliyewazuia.

Je, tozo za mafuta na za magari yanayochafua zinaumiza wanyonge?

Zinaweza. Inategemea mambo mawili: fedha zinakwenda wapi, na njia mbadala ipo au haipo siku tozo inapoanza.

Ufaransa ilipata somo hilo mwaka 2018. Kodi ya mafuta ilikuwa ikipanda hatua kwa hatua, na nyongeza nyingine ilipangwa kuanza Januari 2019. Watu wa miji midogo na vijijini, wasio na treni wala basi la maana, walijiona wanalipia sera iliyotungwa na watu wanaopanda metro. Novemba 2018 wakaingia barabarani wakiwa wamevaa vizibao vya njano, na Desemba serikali ikaiondoa nyongeza hiyo. Maafisa mipango wengine wamechukua somo lisilofaa, kwamba wananchi hawataki tozo za tabianchi. Waandamanaji walikuwa wakiuliza kwa nini mzigo unawaangukia wao.

London ilikuwa na njia tofauti kidogo. Eneo la tozo kwa magari yanayochafua lilianza katikati ya jiji mwaka 2019, likapanuliwa mwaka 2021, na Agosti 2023 likaenea jiji zima. Lilikuja na mfuko wa kuwasaidia watu kuachana na magari ya zamani. Mfuko huo mwanzoni ulilenga wenye kipato kidogo, walemavu, wafanyabiashara wadogo na mashirika ya hisani, lakini malalamiko ya vitongoji vya pembezoni yalipozidi, ukafunguliwa kwa kila mkazi mwenye gari lisilofikia kiwango, siku chache kabla ya upanuzi. Mtu anaweza kubishana kama ulitosha. La msingi ni kwamba fidia ilipaswa kuwa mezani tangu siku ya kwanza ya mjadala, na mabasi ya pembezoni kabla ya fidia.

Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilipoanzisha kodi ya kaboni mwaka 2008 liliweka humohumo nafuu kwa kaya za kipato cha chini. Kodi na fidia vilizaliwa siku moja.

Tumefanya mikutano mitatu ya hadhara, watu hawakuja. Tufanyeje?

Ilikuwa saa ngapi? Kama ni saa nne asubuhi siku ya kazi, katika ukumbi wa makao makuu, kwa waraka wa kurasa mia mbili uliopandishwa mtandaoni siku chache kabla, basi waliokuja ni wale wanaolipwa kuja. Anayeuza barabarani hupoteza kipato cha siku. Mama mwenye mtoto mchanga hana pa kumwacha. Kijana wa zamu ya usiku amelala.

Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani aliyefanya kazi katika mipango miji, alichora ngazi ya ushirikishwaji yenye vidato vinane. Chini kabisa kuna kuwachezea watu akili, katikati kuna kuwapa habari na kuwauliza maoni, juu kabisa kuna wananchi kushika madaraka. Zaidi ya nusu karne baadaye, mashauriano mengi bado hayavuki kidato cha nne: maoni yanaandikwa, yanashukuriwa, yanafungwa kwenye faili.

Kupanda juu kunataka fedha. Walipeni watu muda wao, kama mnavyomlipa mshauri elekezi. Wekeni usafiri, chakula, mlezi wa watoto na mkalimani kwenye bajeti ya mpango, wala msiviite posho za ziada. Nendeni waliko: msikitini, kanisani, kwenye vikundi vya akina mama, vijiweni, kwenye vyama vya wapangaji. Na nendeni kabla rasimu haijaandikwa. Rasimu ikishakuwa na jalada na dibaji ya meya, hakuna mkazi anayeamini kwamba sentensi yake itaingia.

Mifano ipo. Providence, katika jimbo la Rhode Island, ilitoa mpango wa haki ya tabianchi mwaka 2019 ulioandaliwa kwa pamoja na ofisi ya jiji na kamati ya wakazi kutoka jamii zilizobeba uchafuzi kwa miaka mingi. Kamati hiyo iliandika pamoja na ofisi, haikungoja kuletewa rasimu. Porto Alegre nchini Brazili ilianza bajeti shirikishi mwaka 1989, wakazi wakiamua sehemu ya fedha za maendeleo iende wapi, na mtindo huo ukaenea duniani.

Vipi kuhusu kuchagua wananchi kwa bahati nasibu?

Ni njia nzuri ya kuepuka sura zilezile. Ufaransa, baada ya vurugu zile za vizibao vya njano, iliita wananchi 150 waliopatikana kwa kura ya bahati, wakakaa kati ya Oktoba 2019 na Juni 2020 na kutoa mapendekezo 149. Walilipwa kwa muda wao. Walifanya kazi ya kuheshimika. Tatizo lilikuja baadaye, sheria ya mwaka 2021 ilipotoka ikiwa imepunguzwa makali mengi, na baadhi yao wakasema hadharani kwamba wametumika. Kabla ya kuita baraza kama hilo, halmashauri iahidi kwa maandishi kwamba kila pendekezo litajibiwa: limekubaliwa, au limekataliwa kwa sababu hii.

Ushirikishwaji wote huo hautachelewesha? Muda unakimbia.

Utachelewesha mwanzo na kuharakisha katikati. Mradi unaosimamishwa na kesi mahakamani au maandamano huchelewa zaidi.

Tutajuaje mitaa ya kuipa kipaumbele?

Tumieni ramani, lakini msiziabudu. Kalifornia ina chombo kinachoitwa CalEnviroScreen, kilichotoka mwaka 2013, kinachounganisha vipimo vya uchafuzi na hali ya watu: vumbi laini hewani, ukaribu na taka za sumu, pumu, umaskini, ukosefu wa ajira. Kila eneo linapata alama. Sheria ya jimbo ya mwaka 2012 ilishaagiza robo ya fedha za mfuko unaotokana na malipo ya wanaotoa hewa ukaa zielekezwe kunufaisha maeneo yaliyoelemewa, kwa hiyo alama hizo zina uzito wa fedha. Ramani isiyofungamana na fedha ni pambo la ukutani.

Udhaifu wa ramani ni kwamba zinaonyesha wastani. Jengo moja la wazee wanaoishi peke yao katikati ya mtaa wa matajiri halitaonekana. Na mahali ambapo makazi hayakupimwa, ramani itaonyesha uwazi, kana kwamba hakuna mtu. Huko wakazi wenyewe ndio chanzo cha takwimu. Mukuru, eneo kubwa la makazi yasiyo rasmi jijini Nairobi, lilitangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017 baada ya wakazi na washirika wao kukusanya takwimu za nyumba, maji, vyoo na gharama ambazo watu walikuwa wakilipa. Serikali ilipoletewa takwimu hizo ilikosa kisingizio cha kusema haijui.

Mji wetu unachafua kidogo sana. Kwa nini tuzungumzie kupunguza, badala ya kujikinga?

Mna haki ya kuuliza. Sehemu nyingi maskini za dunia zinadaiwa kupunguza kitu ambacho karibu hazikuzalisha. Huko kujikinga na joto, mafuriko na ukame kunapaswa kutangulia, na upunguzaji uchaguliwe pale unapoleta nafuu ya leo. Nishati safi ya kupikia ni mfano ulio wazi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Jiko safi linaokoa mapafu kwanza, hewa ukaa baadaye.

Ahmedabad, India, ilipigwa na wimbi la joto Mei 2010. Waliokufa walizidi idadi ya kawaida ya mwezi huo kwa zaidi ya 1,300. Mwaka 2013 jiji likazindua mpango wa kukabili joto: tahadhari za mapema, mafunzo kwa wahudumu wa afya, vituo vya maji. Baadaye wakaongeza kazi ya kupaka mapaa rangi nyeupe katika makazi ya watu wa kipato cha chini. Kazi yenyewe ni nyepesi: paa la bati au saruji linasafishwa, linapakwa chokaa au rangi inayorudisha mwanga, na chumba cha chini yake kinapoa. Haihitaji umeme wala fundi wa kutoka mbali, na mpangaji hahitaji kujaza fomu ya kurasa tatu.

Nchini Kenya, mfuko wa tabianchi wa kaunti ulioanzia Isiolo na kuenea Makueni, Kitui, Wajir na Garissa ulipanga asilimia 70 ya fedha za miradi ziende ngazi ya wadi, ambako kamati zilizochaguliwa na wananchi ndizo zinazochagua mradi. Kaunti inabaki na asilimia 20, na uendeshaji asilimia 10. Mgawo wa namna hiyo unasema mengi kuhusu nani anaaminiwa.

Wafanyakazi wa viwanda na mitambo itakayofungwa?

Mpango wa watu uanze miaka kabla ya mtambo kuzimwa. Kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Komati, Afrika Kusini, kilizima mtambo wake wa mwisho Oktoba 2022. Fedha za kukigeuza kuwa kituo cha nishati jadidifu na mafunzo zilipatikana, lakini tume ya rais ya tabianchi ya nchi hiyo ilipochunguza ilisisitiza kwamba maandalizi ya jamii yanapaswa kuanza mapema zaidi. Katika mji uliojengwa kuzunguka kituo, anayepoteza si mwenye ajira ya kudumu pekee. Wa kwanza kuumia ni kibarua wa mkandarasi, mwenye kibanda cha chakula na mpangishaji wa chumba, na hao hawamo kwenye orodha ya mafao.

Kuna pia wafanyakazi ambao mpango hauwaoni kabisa. Waokota taka za kurejelezwa wanapunguza gesijoto kila siku bila mshahara, kisha jiji linaleta kampuni yenye malori mapya na kuwafukuza kwa jina la usafi na tabianchi. Bogotá ilikuwa njiani kufanya hivyo. Waokota taka wakaenda mahakamani, Mahakama ya Katiba ya Kolombia ikawapa haki, na mwaka 2013 jiji likaanza kuwalipa kwa uzito wa wanachokusanya, kama watoa huduma wengine. Binafsi naona huo ni mfano bora kuliko mingi inayosifiwa kwenye mikutano mikubwa.

Tukiweka bustani, njia za baiskeli na miti, kodi za nyumba zitapanda na wenyeji watahama. Tuache?

Msiache, tangulieni. Ulinzi wa wapangaji na ununuzi wa ardhi kwa ajili ya nyumba nafuu ufanyike kabla ya kutangaza mradi, wakati bei bado iko chini. Jijini Washington, mradi wa bustani ya darajani juu ya Mto Anacostia ulitoa mpango wake wa maendeleo ya usawa mwaka 2015, miaka mingi kabla ya ujenzi, ukiwa na hazina ya ardhi inayomilikiwa na jamii. Walijua wanunuzi wa viwanja husoma matangazo ya bustani kwa makini kuliko mtu yeyote.

Na usafiri wa umma?

Uwapeleke watu wanakokwenda kweli. Medellín, Kolombia, ilifungua gari la kamba mwaka 2004 kuunganisha vitongoji maskini vya milimani na metro iliyo bondeni. Dunkerque, Ufaransa, ilifanya mabasi yake kuwa ya bure mwaka 2018, na Luxembourg ikafuata kwa nchi nzima mwaka 2020. Nauli ya bure haisaidii sana kama basi halifiki. Ratiba ya usiku kwa wasafishaji na walinzi mara nyingi ingefaa zaidi. Waulizeni pia wanawake kuhusu safari zao. Nyingi ni fupi na za kuunganisha: shule, soko, kliniki, kazini. Ratiba iliyotungwa kwa mtu wa ofisini huwatoza nauli tatu au nne.

Ahadi ya usawa tuiweke wapi ili isifutwe na uongozi ujao?

Kwenye sheria ndogo na kwenye chanzo cha fedha. Mwaka 2021 serikali ya Marekani iliweka lengo kwamba asilimia 40 ya manufaa ya uwekezaji fulani wa shirikisho katika tabianchi na nishati safi yafikie jamii zilizoelemewa. Lengo lilitoka kwa amri ya rais, na Januari 2025 rais mwingine akalifuta kwa amri yake. Mwaka 2018 wapiga kura wa Portland, Oregon, walipitisha tozo ya asilimia 1 kwa mauzo ya wauzaji wakubwa wa rejareja, wenye mauzo ya zaidi ya dola bilioni 1 kitaifa. Fedha zinaingia kwenye mfuko wa nishati safi unaolenga wenye kipato cha chini na jamii zilizoachwa nyuma. Mfuko wenye tozo yake na kura nyuma yake una mizizi kuliko lengo lililoandikwa kwenye dibaji.

Tupime nini?

Kwa kila mradi, rekodini nani aliomba, nani alipata, anaishi wapi, ni mpangaji au mmiliki, na alisubiri muda gani. Chapisheni kila mwaka, mtaa kwa mtaa. Tani za hewa ukaa peke yake hazitawaambia kwamba zote zimepunguzwa upande mmoja wa mji. Walioomba na kukosa ndio takwimu yenye mafunzo zaidi, na karibu hakuna anayeiweka.

Tuna maafisa wawili na bajeti ndogo. Tuanze na nini?

Na mradi mmoja ambao tayari una fedha. Chukueni fomu yake na mketi na watu watano ambao wangestahili kunufaika lakini hawakuomba. Waacheni waijaze mbele yenu bila kuwasaidia, mwone wanakwama wapi. Rekebisheni hapo. Kazi hiyo haihitaji mshauri wala kibali cha baraza.

Mpango wetu umeshapitishwa, na ulipitishwa vibaya. Tumechelewa?

Bajeti hurudi mezani kila mwaka, na mpango usio na fedha hautekelezwi. Ombeni jedwali la matumizi ya mpango kwa kila kata kabla ya kikao cha bajeti. Katika nchi nyingi sheria ya haki ya kupata taarifa inawapa haki hiyo. Chagueni mstari mmoja mnaotaka ubadilishwe, andikeni kiasi, andikeni uhamie wapi, mtafute diwani wa kuusimamia, na siku ya kikao mfike na wapangaji, wachuuzi na waokota taka wenyewe. Nauli yao ya kwenda na kurudi itengwe mapema.